Wageni Wasioinuka Mezani

Siku mliyoniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na kipaza sauti, na katika vitu hivyo vitatu ni kipaza sauti kilichonishinda. Nilisema ahsante, nikalia kidogo, nikaketi. Tangu siku hiyo nimekutana na baadhi yenu hapa Tiwi, na kila mmoja ananiuliza swali lile lile: Bi Mwanasha, zile jioni za Wacheki zilikuwaje? Naona mmesikia vipande vipande, tena vingine vimetiwa chumvi na Odhiambo wa jikoni. Basi nimeamua kuandika mwenyewe, kwa ajili yenu mnaobeba trei leo. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atapata tabu bure.

Niliingia hotelini pale Galu kama mtandika vitanda. Kazi hiyo naiheshimu mpaka leo, kwa sababu kitanda hakikujibu wala hakikuulizi chakula kiko wapi. Asubuhi moja mhudumu wa ukumbini hakutokea, na mkuu wa ukumbi, Mzee Kilonzo, Mkamba wa Kitui, akashuka hadi chumba cha kufulia kutafuta mtu wa kuziba pengo. Alinikuta nakunja shuka.

“Wewe msichana, unaweza kutembea bila kuangalia miguu yako?”

“Shikamoo,” nikamjibu, maana kwetu mtu haanzi na swali.

Alinitazama, akacheka kidogo. “Marahaba. Haya, sasa jibu.”

Nikamwambia ninaweza. Akanipa trei yenye bilauri zilizojaa maji hadi ukingoni, akaniamuru nizunguke bwawa la kuogelea. Nilizunguka, nikamwaga. Nikazunguka tena, nikamwaga nusu. Wageni waliokuwa wakiota jua walianza kunishangilia kama niko kwenye mashindano. Kilonzo hakushangilia. Alingoja hadi nilipofika na bilauri zote zimejaa, akazichukua, akamwagilia maua yale maji, akasema kesho nije na viatu visivyolia.

Alinifundisha kazi kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. “Sikiliza vijiko,” alikuwa akisema. Vijiko vikienda haraka, supu ni nzuri. Vikianza kukwaruza, supu inakwisha, jiandae. Vikinyamaza vyote kwa pamoja, kuna jambo, kimbia lakini usikimbie. Na mgeni asiione haraka yako hata siku moja. Ninyi mna simu zinazowaambia meza gani inataka nini. Ni nzuri, sizisemi vibaya. Lakini umeme ukipotea, masikio yanabaki.

Sasa niwaambie hao Wacheki walikuwa akina nani. Miaka ya tisini pwani hii ya kusini ilikuwa nao wengi kuliko mtu angedhani, wao pamoja na ndugu zao Waslovakia. Kulikuwa na mafundi wa mitambo waliokuja zamani kufunga mashine za viwandani wakasahau kurudi. Kulikuwa na walimu, masista wa misheni, na wanawake walioolewa na Wakenya waliokwenda kusoma kwao wakati nchi yetu bado changa. Wote walikuja huku wakiwa raia wa nchi moja. Halafu nchi hiyo ikagawanyika mbili, kwa amani, wenyewe wakiwa hawapo. Fundi mmoja aliniambia kuwa alilala Mchekoslovakia, akaamka hajui amshukuru nani.

Walikuwa na chama chao cha kukumbushana mambo ya kwao, na ukumbi wetu ndio uliokuwa na nafasi ya kuwatosha. Niliwapenda kwa sababu walikuwa wakitaka kidogo na kukitaka sawasawa. Bendera mbili ndogo juu ya meza kuu, zilingane urefu na zilingane umbali kutoka kwenye ua la katikati. Supu mbili, ya samaki kwa Wacheki na ya kabichi chachu kwa Waslovakia, na kila chungu na upawa wake. Nilipochanganya pawa mara moja, hakuna aliyefoka. Mzee mmoja wa Kislovakia aliutazama tu upawa ule kwa masikitiko, kama anaaga mtu bandarini.

Mwanzoni mwa Desemba walikuwa na jioni ya watoto. Anakuja askofu mwenye ndevu za pamba, malaika, na shetani mwenye pembe na minyororo, wanawauliza watoto kama wamekuwa wema. Mara ya kwanza shetani alichelewa, akaja peke yake kwa teksi akiwa amekwisha kuvaa. Askari wetu wa getini, mtu wa Kinondo, akakataa kufungua.

“Huyu hapiti,” aliniambia nilipoitwa. “Mimi nimewekwa hapa kuzuia wezi, sembuse huyu.”

“Ni mgeni wa chama, Bwana Athumani.”

“Awe wa chama, awe wa nini. Mimi nina watoto nyumbani.”

Ilibidi aje mama mmoja wa chama kumdhamini. Alimwambia askari kwa Kiswahili cha Msambweni kabisa, “Baba, huyu ni mwalimu wa hesabu. Mfungulie, anakufa kwa joto ndani ya hiyo ngozi.” Athumani alifungua, lakini aligeuka upande, hakutaka kumtazama akipita.

Mama huyo ndiye aliyenifanya niandike haya yote. Jina lake la kwao lilikuwa Zdenka, ila Msambweni nzima ilimwita Mama Daktari, kwa sababu mumewe, Mdigo wa pale pale, alisomea udaktari kwao na kurudi naye. Alikuwa amesilimu miaka mingi, anafunga na kuswali, anajifunga leso mbili kama sisi. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki nilipomjua. Kiswahili chake hakikuwa na kasoro ila moja: hakuweza kusema taratibu.

Nilimfahamu vizuri kwa sababu ya aibu yetu ya bufee. Hao watu sikukuu yao kubwa si Krismasi yenyewe, ni jioni ya kuamkia. Mwaka wa kwanza walipotukodi, Kilonzo na Odhiambo, mpishi mkuu wetu, waliandaa bufee ndefu kutoka mlango hadi dirishani, vyombo vimewekewa moto chini, bata mzinga amesimamiwa na Odhiambo mwenyewe na kisu chake. Wageni wakaingia, wakawasha mishumaa, wakaomba, wakaketi. Kilonzo akainama, akawakaribisha kwenye chakula. Wakatabasamu, wakashukuru, wakaendelea kuketi. Tukangoja. Moto chini ya vyombo ukaanza kufifia na hakuna hata mmoja aliyesogeza kiti.

“Kwani wamegoma?” Odhiambo alininong’oneza. “Ama hawapendi bata?”

Mama Daktari alikuwa amechelewa njiani. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akatoa salamu, akatazama ule mstari wa vyombo, akashika kichwa.

“Wanangu, hawa hawatainuka,” alisema. “Usiku huu kwetu mtu akishaketi mezani hainuki hadi wote wamalize. Anayeinuka wa kwanza, watu husema, mwaka hauishi naye akiwepo.”

“Atakuwa ameenda wapi?” Odhiambo akauliza.

“Kaburini.”

Odhiambo akaweka kisu chini. Tukaibeba bufee nzima kwa mikono, sinia baada ya sinia, kila meza tukaiwekea kila kitu ili asiwepo wa kuhitaji kusimama. Jasho lilitutoka, sare zetu zikaloa migongoni, na wale wageni walikula kama watu waliookolewa. Tangu usiku ule Mama Daktari ndiye aliyekuwa akija kabla ya kila sherehe kutuelekeza: viazi vya saladi vichemshwe siku iliyotangulia, vikatwe vidogo, samaki awe changu kwa kuwa wa kwao hapatikani huku, magamba machache ya huyo samaki yaoshwe yawekwe chini ya sahani, eti huleta riziki. Kilonzo aliweka na la kwake chini ya bilauri. Nilimwona.

Halafu ukaja mwaka wa machafuko ya Likoni. Mnajua kilichotokea, au wazee wenu wanajua, sitakichimbua hapa. Watu wa bara walishambuliwa wakakimbia, wageni wakafuta safari, na hoteli ikabaki na sisi wachache tunapangusa viti visivyokaliwa. Mzee Kilonzo alipanda basi la Kitui na sanduku moja. Hakuniaga kwa maneno. Alinipa funguo za kabati la vyombo, na mimi niliona haya kumtazama, ingawa sikumfanyia kitu. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mtu unaona haya kwa sababu ya pale ulipozaliwa.

Mwaka huo chama cha Wacheki na Waslovakia ndicho pekee ambacho hakikufuta shughuli yake. Si kwa ushujaa. Walikuwa wakaazi, hawakuwa na pa kwenda. Mama Daktari aliniomba anwani ya Kilonzo, akampelekea ujumbe wa maneno machache: nani atabeba supu? Kilonzo alirudi. Alishuka kwenye basi na sanduku lile lile, nikampa funguo zake, akazikagua kama zimetimia. “Umezipangusa,” akasema. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa nafika kwenye jioni mnayoiulizia. Ilikuwa mwaka uliofuata, na mwaka huo Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani.

Kabla ya mwezi kuandama, chama kilikutana ukumbini kwetu kunywa chai na kupanga. Katibu wao akatangaza kwa furaha kwamba kuna kwaya kutoka mji mdogo wa kwao, inayozunguka kuwaimbia wenzao walioko nje, na mwaka huu watafika Galu kuimba jioni ile kuu. Akataja mji. Akataja kiongozi wa kwaya, Yosefu fulani. Nilikuwa nikimmiminia Mama Daktari chai. Aliweka mkono juu ya kikombe, akauliza tena jina la mji, kisha akachukua mkoba wake akatoka. Kesho yake alituma neno kwamba tumtafute mwingine wa kutuelekeza, yeye hatakuja.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda Msambweni. Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

“Shikamoo, Mama Daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa au umejileta?”

“Nimejileta.”

“Basi shika hiyo nazi nyingine uivunje.”

Nikaivunja. Akaanza kusema huku akikuna, bila kuniangalia. Yosefu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, mdogo wake. Alipoolewa na kuja huku, majeshi ya kigeni yalikuwa yamekwisha kuingia kwao, na wakubwa wa serikali wakaamuru arudi. Yeye hakurudi. Walipomkosa yeye wakamgeukia mdogo wake, aliyekuwa chuo kikuu mwaka wa mwisho akisomea uhandisi. Wakamtoa, wakampeleka kupakia makaa ya mawe. Habari hizo aliandikiwa na mama yao. Yosefu mwenyewe hakuwahi kumwandikia hata neno moja.

“Miaka thelathini, Mwanasha. Mimi nimepata mume mwema, watoto, hii nyumba. Aliyelipa ni yeye.”

“Lakini si wewe uliyemtoa chuoni.”

“Hayo mwambie yeye.” Akatua mkono juu ya kifuu. “Mama alipokufa niliandika, hakujibu. Nchi ilipofunguliwa, watu wakaanza kwenda na kurudi, mimi sikwenda. Niliogopa mlango wake. Sasa amekuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, na mimi sina neno. Nimwambie nini? Kicheki changu kimebaki cha kuagiza saladi.”

“Huenda anakuja kwa ajili yako.”

“Huenda anakuja kunisema mbele ya watu. Ana haki. Ila sitaweza kusimama pale.”

Kazi yetu inatufundisha kumpa mgeni anachotaka, haitufundishi la kufanya pale anachotaka kinapomtisha. Nilimaliza kuvunja nazi. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani akinikumbusha viazi vichemshwe siku moja kabla, visikatwe vikiwa vya moto. Akasema jioni ile yeye atafuturu kwake.

Kwaya ilifika na joto letu lote la Desemba. Walikuwa na mavazi ya kwao ya sufu yaliyotariziwa nyekundu na nyeupe, mazuri mno, na hayakufaa hata kidogo. Kilonzo aliwazungushia feni zote za hoteli, hata ya meneja. Yosefu nilimtambua kabla hajatambulishwa, kwa kuwa paji la uso lilikuwa la Mama Daktari. Mzee mrefu, mikono mipana, yenye madoa madogo ya buluu ndani ya ngozi, ambayo katibu aliniambia baadaye kuwa ni vumbi la makaa. Hakutabasamu. Alipanga watu wake, akajaribu sauti za ukumbi kwa kupiga makofi mara moja, kisha akanijia.

“Zdenka?” akauliza.

Nikamwonyesha kusini. “Msambweni.”

Akatazama kusini, ukuta mtupu, kwa muda. Akamwita katibu amtafsirie: je, atakuja? Nikajibu inshallah, neno linalotuokoa tusipokuwa na jibu. Aliuliza maana yake, akaelezwa, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyezoea majibu ya namna hiyo. Nikaenda mapokezi nikapiga simu duka la jirani yake Msambweni. Nikasema, mwambieni Mama Daktari kwamba mgeni ameulizia jina lake tu, na uso wake sikuuona una ugomvi. Mwenye duka alisema atamfikishia. Sikujua zaidi ya hapo.

Wageni wale nao hufunga siku hiyo. Wacheki wengi hawali mchana kutwa hadi nyota ya kwanza ionekane. Basi fikirieni ukumbi wetu: wahudumu Waislamu tumefunga, wageni Wakristo wamefunga, na jikoni kunanukia samaki wa kukaanga. Odhiambo alikuwa mtu pekee aliyekula mchana, na alikuwa akila kwa kujificha, masikini, kama mwizi.

Ilibidi kupanga zamu, na hili ni la kujifunza. Adhana ya magharibi hutangulia nyota. Kwa hiyo nilipanga tende na maji kwenye ujia wa nyuma ya jiko, na Kilonzo na Odhiambo wakashika ukumbi sisi tufungue na kuswali. Tuliporudi, wageni walikuwa bado uwanjani wamekunja shingo kutazama juu. Kulikuwa na wingu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ameiona. Ikaonekana inakwenda, ni ndege ya Mombasa. Wengine wakasema hata hiyo inatosha. Waslovakia wakakataa, nyota ni nyota.

“Hii supu itageuka gundi,” Odhiambo alilalamika. “Mwambieni Mungu asogeze hilo wingu.”

Wingu likasogea. Nyota ikaonekana juu ya minazi, Kilonzo akapiga kengele, wakaingia. Kwaya iliimba ikiwa imesimama mbele, wimbo mmoja wa Kicheki na mmoja wa Kislovakia, ukumbi ukashika hanjifu zake. Kisha wote wakaketi, Yosefu na watu wake kwenye meza ya dirishani. Kuanzia hapo, mnajua, hakuna kuinuka. Tukaanza supu.

Nilikuwa na chungu cha samaki mkononi, nimefika meza ya pili, niliposikia vijiko vinanyamaza, si vyote, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Nikageuka. Mama Daktari alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa na buibui na mkoba, na nyuma yake Odhiambo ameshika mlango usijifunge, uso umemwiva. Kumbe alikuwa amechukua teksi kutoka Msambweni, akafungua saumu njiani kwa tende moja na maji ya dereva. Alifika hadi pale mlangoni, akakwama. Haji mbele, harudi nyuma.

Watu wake wote walimwona. Ukumbi mzima wa watu waliomjua, waliompenda, waliomzoea kuwa mwenye shughuli, na hakuna aliyeweza kumwendea, kwa sababu ya ile miiko yao. Mwanamke mmoja aliunyoosha mkono tu kutoka alipoketi, haukumfikia. Mimi ningeweza kwenda. Nilitaka kwenda. Kilonzo alikuwa karibu yangu, akanishika kiwiko, akaninong’oneza, “Wewe ngoja. Si wako.”

Yosefu alimwona mwisho, kwa kuwa alikuwa ameelekea dirishani. Jirani yake alimgusa, akageuka. Walitazamana. Nilimwona anaweka kijiko chini, polepole, kando ya sahani, mahali pake hasa. Kisha akaweka mikono yake mipana mezani. Mkewe, aliyekuwa naye kwenye kwaya, alielewa kabla yetu sote. Akamshika mkono wa koti akisema neno moja mara mbili mbili, bila shaka ni la kumkataza. Yeye akautoa mkono ule kwa upole, akainuka.

Sijawahi kusikia ukumbi ukivuta pumzi kwa pamoja namna ile. Wasomi, wahandisi, masista, watu ambao mchana wangekuambia hayo ni mambo ya bibi zao tu, wote walishika vifua. Kiti chake kilianguka nyuma, hakukiangalia. Alipita katikati ya meza zote zile, mzee mrefu katika vazi la sufu, jasho likimtiririka, akaenda hadi mlango wa jikoni, akasimama mbele ya dada yake. Naye hakuwa na neno, sasa niliona. Miaka thelathini alikuwa nayo yote kooni na haikutoka hata moja.

Mama Daktari ndiye aliyesema. Alisema kifupi, kwa Kicheki, kwa sauti ya kawaida kabisa. Yosefu akaangua kilio cha mtoto, akamwinamia begani, buibui lote likaloa. Wakatembea pamoja hadi meza ya dirishani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua kile kiti kilichoanguka na kuweka kingine kando yake, na kijiko, na sahani, na kitambaa kimekunjwa. Hiyo ndiyo kazi ya ukumbi, na sidhani niliwahi kuifanya vizuri zaidi.

Na kabla hamjaniuliza, kwa sababu Odhiambo huwa anaimaliza hadithi hii kwa mazishi: hapana, Yosefu hakufa. Alirudi kwao mzima, na akarudi Msambweni mara nyingi, akawa anachomelea mageti ya nusu ya mtaa bila kulipwa. Ila mwaka ule mzima mkewe hakumruhusu kupanda ngazi.

Kwa muda mrefu sikumuuliza Mama Daktari alichomwambia. Nilidhani ni msamaha, au jina la mama yao, jambo kubwa la kulingana na kile kilio. Nilimuuliza alipokuwa mgonjwa, nimekwenda kumwangalia, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Alicheka hadi akakohoa.

“Wala,” alisema. “Njia nzima kwenye teksi nilikuwa nikitafuta la kumwambia, na kila nilichokipata kilikuwa kidogo. Halafu nikamwona amesimama mbele yangu, amekonda, na sahani yake kule mezani inatoa moshi. Nikamwambia, Yosefu, rudi ukae, supu inapoa.”